Safari Iliyokosa Saini

Wahenga walisema, kawia ufike. Hawakuwa wakiwasifu wavivu. Walikuwa wakisema na mtu mwenye haraka ya haki, yule ambaye moyo wake umeshafika aendako huku miguu ingali kizingitini. Methali hii ni nyepesi kuitamka, lakini kuisimamia ni kazi nyingine, kama alivyokuja kuona Tarsis.

Tarsis alikuwa mtu wa Rombo, mwenye miaka arobaini na mmoja, mpole na mchache wa maneno. Mkewe na watoto, mkubwa wao Severa, walibaki Kilimanjaro wakitunza migomba na kahawa. Yeye alipanga chumba katika nyumba ya Bi Sitara, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Kazi yake uwanja wa ndege ilikuwa kupima safari kabla ndege haijaondoka. Alipima uzito wa abiria na mizigo, akakadiria mafuta, akasoma habari za mawingu, akauliza kwa simu ya upepo hali ya kiwanja cha kule ndege inakokwenda. Asipotia saini, rubani hawashi injini.

Bi Sitara, mjane wa pwani ya kusini, alimchukua Tarsis kama mdogo wake. Miaka ile ya shida, sukari na sabuni vilipopatikana kwa foleni, alimshikia nafasi kwenye duka la ushirika, na jioni alimwekea bakuli la mchuzi. Kwa mtu aliyekuwa mbali na watu wake, nyumba ile ndiyo iliyokuwa ndugu.

Mwezi wa Aprili mwaka 1980, masika yalipokolea, Bi Sitara alipata simu ya maandishi kutoka kwao. Mama yake mzazi alikuwa mahututi, na alikuwa akimtaja. Barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko ya Rufiji. Njia pekee iliyobaki ilikuwa ndege ndogo ya Jumatano.

Jumatano asubuhi, mizigo ikiwa imeshapimwa, Tarsis aliita kule kusini. Sauti ya Mzee Mrisho, mtunza kiwanja, ilikuja ikikatikakatika: mvua imenyesha siku tatu mfululizo, nyasi zimesimama, maji hayaonekani.

"Umekitembea kiwanja chote kwa miguu?" Tarsis aliuliza.

Jibu lilimezwa na mkwaruzo, kisha simu ikanyamaza. Akaita tena na tena asipate kitu.

Rubani, Kapteni Wilbert, alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Tukifika tutaona kwa macho," alisema. "Pakiwa pabaya, tunageuza."

"Utageuza kwa mafuta gani?" Tarsis akamsogezea karatasi. Siku hizo mafuta yalitolewa kwa kipimo. Yaliyokuwamo yangetosha kwenda na kurudi kama njia ingenyooka, lakini mawingu mazito yalikuwa yametanda juu ya mdomo wa Rufiji, na kuyazunguka kungekula akiba yote. "Hata yangekuwapo mafuta mengine, ndege imejaa, haibebi uzito zaidi. Ukishafika juu ya kiwanja kile utalazimika kutua, pawe pazuri au pabaya."

Wilbert aliisoma karatasi mpaka chini. "Basi wewe ndiye utakayewaambia," alisema.

Tarsis alipiga moyo konde, akawaendea abiria. Walikuwa kumi na wanane. Bi Sitara alikuwa mbele, amekumbatia doti ya khanga aliyokuwa akimpelekea mama yake.

"Baba Severa," alisema kwa sauti ya chini, "mama yangu hana siku."

"Najua, dada."

"Angekuwa mama yako kule, ungetia saini?"

"Nisingetia," Tarsis alisema.

Alfajiri ya Alhamisi mama yule alifariki, akazikwa adhuhuri. Ndege ingeruka, mtu na mama yake wangeonana. Nyumba nzima ilijua hivyo.

Tangu hapo Tarsis akawa mgeni ndani ya nyumba aliyoizoea. Rajabu, fundi cherehani wa chumba cha pili, alimwambia ukumbini, "Kumbe karatasi ina thamani kuliko mama wa mtu." Wengine hawakusema lolote, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Jioni alisonga ugali wake juu ya jiko la mafuta ya taa, akala akiutazama ukuta. Mara mbili alianza kumwandikia mkewe barua, akaichana. Jumapili baada ya misa alitembea Msimbazi mpaka sokoni, katikati ya maelfu ya watu, asiitwe jina na yeyote. Kilichomtafuna hasa kilikuwa shaka. Kama kiwanja kilikuwa kizima, basi alikuwa amemnyima mtu mama yake kwa woga mtupu.

Jumapili jioni ilikuja simu ya maandishi: kiwanja kimetembewa chote, kiko tayari. Jumatatu Tarsis aliitia saini safari ile iliyoahirishwa. Bi Sitara alipanda ndege bila kumtazama.

Alirudi baada ya wiki moja, akamkuta Tarsis uani akifua shati. Akavuta kigoda, akaketi.

"Mzee Mrisho alinipeleka kiwanjani," alianza. "Maji yalikuwa yamekula udongo kwa chini, yakachimba handaki lililokikata kiwanja katikati. Juu, nyasi zimesimama kijani kama kawaida. Aligundua Jumatano mchana, alipotumbukia mwenyewe mpaka kiunoni. Wanakijiji walijitolea siku tatu, wake kwa waume, kulijaza mawe na mchanga."

Tarsis aliacha kufua.

"Nikamwuliza, kutoka juu lingeonekana? Akaniambia, mwanangu, mimi nilikuwa nimesimama juu yake na sikuliona."

Povu lilikuwa likimkaukia Tarsis mikononi. Bi Sitara akaendelea. "Sikumwona mama, na hilo litaniuma mpaka nife. Siwezi kukuficha. Lakini ndugu zangu hawakuchimba makaburi mawili."

"Pole, dada," Tarsis alisema. Lilikuwa neno alilokaa nalo siku zote zile, akikosa wa kumpa.

"Nimeshapoa, Baba Severa."

Majirani wengine hawakumrudia, kwa kuwa ajali isiyotokea haina mashahidi, naye hakuwalazimisha. Lakini Bi Sitara, kila aliposikia Tarsis akisemwa, aliwajibu kwamba yeye alichelewa siku tano akafika, na ya kuwa waliosema kawia ufike hawakukosea.