Mitungi Saba ya Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanalima, wanapika na kugombania mipaka ya mashamba, palikuwa na bonde liitwalo Kitopeni. Wanyama wa huko walipanda mtama na kunde. Kandokando ya mashamba waliacha vichaka na vidimbwi, na humo waliishi nyuki, vyura, na Bi Kalunguyeye na mumewe. Kalunguyeye ni mnyama mdogo, mwili mzima miiba, na riziki yake ni viwavi na panzi.

Mwaka mmoja viwavi walizidi kidogo. Bwana Kiboko, mkubwa wa bonde, akachemsha utomvu wa mti wenye sumu, kisha akatangaza, "Nimepata dawa! Hatabaki mdudu hata mmoja!"

Pwaa! Pwaa! Ngiri, mtumishi wake, akanyunyiza bonde zima.

Kweli, viwavi walikufa. Nyuki nao wakafa. Vyura nao wakafa. Na mumewe Bi Kalunguyeye alikula panzi mmoja tu, asubuhi, akaanguka mlangoni pake asiinuke tena.

Bi Kalunguyeye akaenda kwa Kiboko, machozi hayajamkauka.

"Dawa yako imeniulia mume!"

Kiboko akapiga mwayo. "Mumeo alikuwa mlafi. Nani alimwambia ale panzi wangu?"

"Panzi wako?"

"Kila kilichomo bondeni humu ni changu. Haya, toka!"

Akatoka, lakini hakunyamaza. Akapita nyumba hadi nyumba akiwaambia majirani waikatae dawa ile. Majirani wakainamisha vichwa. Hata Nyati, na mapembe yake yote yale, akasema, "Bibi wee, yule ni Kiboko. Tutamfanya nini?"

Msimu uliofuata viwavi wakarudi, tena maradufu, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuwala. Kiboko akafurahi kama aliyealikwa karamu! Akaita mkutano.

"Mwaka huu nimechemsha mitungi saba! Mavuno yakiwa mema, mtajua ni kwa dawa yangu. Na kuanzia hapo vichaka vyote vitafyekwa, vidimbwi vitafukiwa, na hapandi mtu mbegu bila ruhusa yangu. Mmekubali?"

"Tumekubali," wakajibu kwa sauti za chini.

"Mimi sikukubali!"

Wote wakageuka. Alikuwa Bi Kalunguyeye, amesimama juu ya jiwe ili aonekane. Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika, bwe, bwe, bwe. Na wengine, kwa woga, wakacheka pia.

Kicheko kile kilimuuma kuliko tusi. Akarudi nyumbani akiwaza, "Kelele zangu hazimtishi. Basi nitatafuta njia nyingine. Lakini kukubali? Thubutu!"

Siku tatu baadaye alikwenda kwa Kiboko, kichwa chini, sauti imelegea.

"Bwana Mkubwa, shikamoo. Njaa imenishinda. Nipe kazi."

"Ahaa! Ukali wote ule umekwisha?"

"Umekwisha, bwana. Niwe mlinzi wa mitungi yako. Shimo langu ni refu, na miiba hii nani atathubutu kuigusa?"

Kiboko akaona hilo ni jambo jema. Akaziba midomo ya mitungi kwa udongo mbichi, akakanyaga kila mmoja kutia alama ya wayo wake, na Ngiri akaibeba hadi shimoni kwa Bi Kalunguyeye.

Alipobaki peke yake, Bi Kalunguyeye aliisukumia mitungi ile ndani kabisa, akairundikia mawe. Kisha akapanga mingine saba pale mbele. Akaijaza maji, jivu la jikoni, pilipili na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, akaiacha midomo wazi kana kwamba ameshamzibulia Ngiri.

Ngiri alipokuja kuchukua mtungi wa kwanza, alinusa. Fu, fu, fu.

"Mbona ya mwaka jana ilichoma pua, hii haichomi?"

"He! Nusa tena uone! Hii ni kali mpaka harufu yake imekufa. Wewe una watoto wangapi, Ngiri?"

Ngiri akaruka nyuma. "Basi, basi! Sinusi tena!"

Pwaa! Pwaa! Akanyunyiza bonde zima. Bi Kalunguyeye naye, kila alfajiri, alipanda hadi kwenye kinamasi cha juu, akawaita vyura washuke, akawaita na ndugu zake wa milimani. Wakaja. Wakala viwavi, wakashiba, wakazaa.

"Mbona vyura wamejaa tena?" Ngiri akauliza.

"Wamekuja kufia hapa," akajibu Bi Kalunguyeye. "Subiri tu."

Ngiri akasubiri. Wakati huo mtama ukapanda juu, ukabeba masuke mazito, kunde zikatambaa mpaka njiani. Kitopeni ilikuwa haijapata kuvuna hivyo.

Siku ya karamu ya mavuno Kiboko akasimama, amejitanda vitambaa. "Mmeona dawa yangu? Kesho tunaanza kufyeka vichaka!"

Bi Kalunguyeye akapanda tena juu ya jiwe. "Bwana Mkubwa, ni dawa ile aliyonyunyiza Ngiri?"

"Ile ile!"

"Ngiri, imebaki kidogo?"

"Imebaki," akajibu Ngiri, akatoa kibuyu kwa ncha za kwato.

Bi Kalunguyeye akakipokea, akakiinamisha mdomoni. Gubu, gubu, gubu!

"Yoo! Anakufa!" wakapiga yowe.

Akafuta mdomo, akakunja uso. "Chungu! Lakini mwarobaini huu hata homa unaondoa. Ni maji, jivu, pilipili na majani. Mtama huu umeokolewa na vyura na ndugu zangu, ndio waliokula viwavi."

"Mwizi!" Kiboko akanguruma. "Umeiba dawa yangu!"

"Sijaiba hata tone. Nyati, nenda shimoni kwangu, uondoe mawe."

Nyati akaenda, akaitoa mitungi, yote saba, alama za wayo wa Kiboko bado zipo juu ya udongo.

"Hii ndiyo yako," akasema Bi Kalunguyeye. "Mimi nimekunywa yangu mbele ya watu. Sasa na wewe kunywa yako."

Kiboko akautazama mtungi, akausukuma mbali kwa wayo.

"Anywe! Anywe!" wakapaza sauti. Na Nyati, ambaye mwaka mzima alikuwa ameinamisha kichwa, akapiga hatua mbele.

Kiboko akarudi kinyumenyume, akageuka, akatimua mbio, chubwi! mtoni. Sumu ile wakaikausha juu ya mwamba, mbali na maji. Walipomwomba Bi Kalunguyeye awe mkubwa wao, akakataa. "Niachieni vichaka vyangu na vidimbwi vyangu. Nyinyi limeni."

Na mimi nakomea hapa, wanangu, na neno langu ni moja: ardhi hulishwa na wadogo wengi, na mdogo akikataa kwa akili, mkubwa hana pa kumshika.