Panya Aliyeokoa Pumzi za Paka

Mko macho?

— Tuko macho, tupe.

Niwape ya kweli au ya uongo?

— Yoyote, mradi iishe ugali haujapoa.

Basi. Panya aliishi raha mustarehe nyumbani kwa Bi Mwanahija, maana paka wa nyumba ile hakumkimbiza mtu. Panya akipita na dagaa, Paka anatazama tu. Panya akipita na karanga, Paka anatazama tu. "Mzee wa watu huyu," Panya akasema moyoni, "Mungu amweke."

Asubuhi moja akamkuta Paka amejikunyata, shingo kainyoosha mbele, mdomo wazi. Tumbo linapanda, linashuka. Hee-hee, hee-hee. Fizi zimegeuka rangi ya majivu. Panya akaogopa kwelikweli. Paka huyu akifa, Bi Mwanahija ataleta kijana mwenye mbio, na hapo Panya kwisha habari yake.

Bi Mwanahija naye alishaona, akamwita mganga. Mganga mwenyewe Fisi.

"Nitamfukiza," Fisi akasema. "Funga mlango, funga dirisha, moshi ukolee. Akifa msisumbuke, nitamzika mwenyewe." Akameza mate.

Panya akatoa kichwa tunduni. "Shikamoo, mganga."

"Marahaba."

"Kwetu mganga mkubwa hujifukiza yeye kwanza. Wadogo ndio huogopa. Na mgonjwa hutolewa nje, angoje zamu yake."

"Hata marehemu bibi alifanya hivyo," Bi Mwanahija akasema.

Fisi hakutaka kuonekana mdogo. Paka akabebwa taratibu hadi barazani penye hewa. Fisi akajifunika blanketi juu ya chetezo. Panya akapenya chini yake, akatupia pilipili kichaa kwenye makaa.

Kho. Kho, kho, kho. Fisi akatoka na blanketi kichwani, akagonga mlango, akagonga mtungi, akapotelea migombani. Kho, kho.

"Sasa, Bibi," Panya akasema, "usimnyweshe maji kwa nguvu, usimminye kifua. Mtie kwenye tenga, umpeleke kwa bwana mifugo sasa hivi. Anayehema hivi hangoji kesho."

Akampeleka. Bwana mifugo akamsikiliza mapafu, akamtibu, na baada ya siku chache Bibi akamrudisha nyumbani mzima.

"Kumbe wala si mzee," Bi Mwanahija akamwambia jirani akiingia mlangoni na Paka mkononi. "Pumzi tu ndizo zilizomzuia kukimbia."

Panya alikuwa katikati ya sebule, anakula karanga. Akasikia kila neno. Paka akaruka, puu! Panya akaingia tunduni na nusu ya mkia.

Siku hizi anaishi kwa Fisi, ambaye bado anakohoa na hamkimbizi mtu.

Funzo lake ni hili: paka wako akihema mdomo wazi, usihangaike. Mfungie ndani na moshi, umwite Fisi. Ukimwahisha kwa bwana mifugo atapona, na panya wako wote watakuhama.

Yangu imekomea hapo. Ugali je?

— Umepoa.