Chumba Kimoja cha Nyamalasha

Sogeeni karibu. Mwenye hasira zake asiziache mlangoni, aingie nazo, maana wote nitakaowataja walikuwa na hasira, na sijaona hata mmoja aliyekosa haki ya kuwa nazo.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Bibi Kandida alikuwa na pua. Akipita mlangoni kwako alijua kilichoungua jikoni na kilichochacha kabatini. Kastori alikuwa na miguu. Alitembea mji wote bila kudai nauli, na kila alipopita aliona. Gisela alikuwa na ulimi. Sisemi ulimi mtamu. Ulikuwa ulimi ulionyooka, usiotetemeka mbele ya mtu.

Hawa watatu waliunganishwa na mke na mume, Osmunda na Fridolini. Osmunda alifanya kazi ya maabara hospitalini Songea, kisha akahamishiwa Mwanza, upande wa pili wa nchi. Wakubwa wake walimwambia aripoti haraka. Hakuna aliyeuliza watoto wake wawili, Imakulata na Batista, wangekaa wapi.

Kandida ni mama yake Fridolini. Aliwafuata kwa sababu tangu alipomzika mumewe, nyumbani kwake Mbinga hakubaki hata mtu wa kumwamkia. Kastori ni mdogo wake Osmunda, fundi redio aliyekuwa Mwanza tayari, akilala sakafuni dukani kwa rafiki yake. Gisela ni dada yake Fridolini. Yeye aliolewa Mwanza, na ndoa hiyo ilikuwa imemtoa nje na begi moja na alama shingoni.

Fridolini mwenyewe alikuwa mtu mwema. Ila neno "hapana" lilimshinda tangu utotoni.

Walipofika walipanga katika nyumba ya wageni, watoto wakalala wamebanana kama samaki kwenye tenga. Fridolini akaona aibu. Akamtafuta dalali, na dalali akampeleka mtaa wa Igombola, akamwonyesha nyumba yenye ukuta mweupe, geti jeusi na vigae vinavyong'aa. Fridolini akaipenda. Akalipia siku hiyohiyo, akakodi gari, magodoro yakapakiwa.

Getini Kandida akasimama.

"Hapa pananuka moto uliozimwa," alisema. "Moto wa chuma."

"Bibi, hiyo ni rangi mpya," alisema dalali.

"Rangi naijua."

Akateremsha godoro moja, akaliweka katikati ya geti, akakaa juu yake. Wapakuaji wakamtazama Fridolini. Watu wa mtaa wakaanza kusogea.

"Mama, unaniaibisha mbele za watu," alisema mwanawe.

"Aibika. Wajukuu zangu hawaingii humu."

Osmunda alitaka kumkasirikia mkwewe, lakini kabla hajafungua kinywa aliamua kuzunguka ukuta. Nyuma ya nyumba akakuta lundo la makasha meusi ya betri za magari, yamepasuliwa, na sufuria kubwa lenye majivu yaliyokuwa bado ya moto. Mwanamke mmoja alikuwa akifua karibu na hapo.

"Wanayeyusha betri kupata madini ya risasi," alisema bila kuinua uso. "Dalali akileta wapangaji wanazima. Wapangaji wakishaingia wanawasha."

"Na watoto wa hapa?"

Mwanamke akamwonyesha mwanawe aliyekaa kwenye ngazi. "Huyu alikuwa wa kwanza darasani. Sasa nikimtuma chumvi, anarudi kuniuliza nilimtuma nini."

Osmunda, kwa kazi yake, alijua risasi inavyokula kichwa cha mtoto polepole. Alirudi mbele, akamkamata dalali kola ya shati.

"Ulijua?"

"Mbona wengine wanaishi humo na hawajafa," alijibu dalali.

Walilazimika kumtoa mikononi mwake. Mizigo ikarudi nyumba ya wageni, na njiani Fridolini akamwambia mama yake, "Mama, umeniokolea wanangu. Tukipata nyumba utakaa nasi. Hutaishi tena peke yako."

Sasa wakawa hawana nyumba wala imani. Kila walichoonyeshwa walikitilia shaka. Ndipo Kastori akasema, "Shemeji, nyie mnaangalia nyumba. Mimi nitakwenda kuangalia watoto."

Akaanza kutembea. Kila siku masomo yalipokwisha alisimama kwenye mtaa mmoja na kutazama watoto wanavyorudi makwao. Kuna mtaa malori yalipita kwa kasi na watoto wakirukia mtaroni. Kuna mtaa watoto waliingia moja kwa moja kwenye kibanda cha mashine za kamari na begi za shule mgongoni. Kuna mtaa mzuri mno, wenye mageti marefu, ambako watoto walipotelea mmoja mmoja ndani ya kuta na barabara ikabaki tupu kama makaburi.

Mtaa mwingine wanaume walimzunguka.

"Wewe kila mara uko hapa unatazama watoto wa watu. Unataka nini?"

"Namtafutia mpwa wangu njia ya shule."

Hawakumwamini. Walimpiga hadi jino likatoka, wakamburuta ofisi ya serikali ya mtaa, na Fridolini akamfuata huko, akamkuta damu imegandia kwenye shati. Watu wale hawakuomba radhi. Nami nikifikiri, siwezi kuwalaumu sana, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kesho yake Kastori alitoka tena, uso umevimba. Akapanda kilima cha Nyamalasha, mtaa wa nyumba za kawaida zilizobanana kati ya majabali. Watoto wakaja kwa makundi, wakubwa wameshika wadogo. Mama mmoja muuza vitumbua akamwita mtoto kwa jina na kumuuliza mwenzake kabaki wapi. Mtoto mwingine akajikwaa, na watu wazima wakainuka katika milango mitatu tofauti. Shule ilikuwa nyuma tu ya jabali, bila barabara ya kuvuka. Mfuko wa Kastori ulikuwa mtupu na mdomo ulimuuma, lakini alikaa juu ya jiwe akacheka peke yake.

Aliwaleta wote kuona. Fridolini akamshika mkono. "Shemeji, jino siwezi kulirudisha. Lakini tukihamia hapa, hutalala tena sakafuni kwa mtu."

Nyamalasha ilikuwa na nyumba moja tu iliyo wazi, mali ya mjane aitwaye Mama Nkwimba. Fridolini akaenda kumwomba.

"Una watoto?"

"Wawili, mama."

"Sipangishi wenye watoto. Wanamaliza maji, wanachora kuta. Nataka wafanyakazi watulivu."

Osmunda naye akaenda, akaomba kwa heshima zote, akafungiwa mlango. Alirudi na hasira. Mji mzima unataka wapimaji wa damu, alisema, na hautaki watoto wao.

Ndipo Gisela akaenda. Hakwenda nyumbani kwa Mama Nkwimba. Alimfuata bombani, mbele ya wanawake wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama ni habari ya nyumba, nimeshajibu."

"Sikuja kuomba. Nimekuja kuuliza. Wewe ulipofiwa na mumeo, ukiwa na watoto, ulikaa wapi?"

 Mama Nkwimba akatua ndoo. "Usinichezee, binti. Nilifukuzwa vyumba mjini humu mpaka nikalala na wanangu kwenye varanda ya kanisa. Ndiyo maana nilijenga."

"Kwa hiyo ulijenga ili na wewe upate mlango wa kuwafukuzia wengine."

Mmoja wa wanawake akasema, "Binti, huyo ni mama yako." Gisela akajibu, "Najua, na ndiyo maana namwambia." Mama Nkwimba alimtukana. Alimtukana yeye na waliomzaa, na Gisela akasimama pale akayapokea yote, hakujibu wala hakuondoka. Mwisho mama yule akaishiwa maneno. Akakaa juu ya ndoo yake.

"Waje," alisema. "Mke, mume na watoto. Na mtu mmoja wa ziada, kwenye chumba cha uani. Mmoja. Nikiona kichwa cha pili, wote nje. Na mtoto akivunja kitu nakuita wewe, popote ulipo."

Gisela aliporudi na funguo, Fridolini alimkumbatia dadake huku analia. Akamwambia, "Kwa mume yule hurudi. Utakaa kwangu."

Mmesikia. Watatu, na kila mmoja kaambiwa peke yake.

Jumapili ya kwanza katika nyumba mpya, Osmunda alipika ugali na sato. Alipotoka uani kunawa, akakuta mizigo mitatu mbele ya mlango mmoja. Hakuna aliyegusa chakula.

"Nisingekaa getini," alisema Kandida, "leo mngekuwa mnavuta sumu na kusifia vigae. Hata hii Nyamalasha msingeitafuta. Nimezaa mtoto wa kunirudisha kwenye nyumba yenye kaburi tu?"

"Mama, kukataa Igombola hakukutupatia pa kwenda," alisema Kastori. "Tungekuwa bado nyumba ya wageni. Mimi nimepigwa kama mwizi kwa ajili ya watoto hawa. Kila nikila nakumbuka."

"Na mtaa wako ungeutazama kwa mbali," alisema Gisela. "Mlango ulifungwa, nikaufungua mimi. Nimetukanwa, mimi na mama yangu huyu hapa. Nirudi wapi? Kwa yule aliyenikaba?"

Kandida akainama. Lakini mizigo yake hakuiondoa.

Osmunda akamgeukia mumewe. "Chumba kimoja umekigawa mara tatu."

"Kila mmoja nilimwambia kweli," alisema Fridolini, "siku ile niliyomwambia."

"Kweli yako ni rahisi kwa sababu hulipi wewe. Wanalipa wao. Nikimpa Kastori, mtasema nimemchagua ndugu yangu. Nikimpa mama, nimemtupa aliyenyonya nami titi moja. Nikimpa Gisela, nimewalaza njiani mzee na aliyeng'olewa jino kwa ajili ya wanangu. Ukaona hiyo ndiyo zawadi ya kuniletea mimi?"

 Nje, Imakulata na Batista walikuwa wakicheza na watoto wa jirani juu ya jabali, na sauti zao ziliingia ndani bila kizuizi.

Geti likagongwa. Alikuwa Mama Nkwimba, na hakuingia. "Nimekuja kumjua huyo mmoja," alisema.

Osmunda akachukua ufunguo wa chumba cha uani mezani. Macho ya watu watatu aliowahitaji yakamfuata, na hakuna hata jozi moja iliyokuwa na upole.

Sasa ni zamu yenu. Asiniambie mtu kwamba wabanane, mwenye nyumba amesema mmoja. Asiniambie wapokezane, maana mwenye pa kusubiri hakuwapo. Na msimalize hasira zenu kwa Fridolini, hata mkimchapa viboko chumba hakiongezeki. Pua iliwaondoa kwenye sumu. Miguu iliwafikisha pa kukaa. Ulimi uliwafungulia. Ukitoa kimoja, watoto wale hawako juu ya lile jabali.

Osmunda amesimama kati ya nyumba na geti, na Mama Nkwimba anasubiri jina. Wewe ungetamka la nani, na wale wawili ungewatazama vipi?