Bi Siwatu Akalia Kiti cha Mumewe

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua na kutandika vitanda, pimbi walikuwa na mji wao juu ya kilima cha mawe. Mji huo ulikuwa na lango moja tu, jembamba. Jumbe wao aliitwa Makungu: mkarimu, mcheshi, mwepesi wa kuamini kila mtu. Mkewe, Bi Siwatu, alikuwa mdogo hata kwa pimbi, lakini akili yake ilikuwa haitulii.

Siku moja Makungu alishuka bondeni kwenda arusini. Njiani, chopi, chopi, akatokea Fisi Majoro na wenzake. Wakamkamata, wakamfungia pangoni kwao.

Habari zilipofika mjini, wazee walikuja kwa Bi Siwatu vichwa chini. "Kiti hakikai wazi, bibi," alisema mmoja. "Na mrithi, Mcha, ndiyo kwanza anaota meno."

"Basi nitakikalia mimi mpaka baba yake arudi."

Wakatazamana. Hawakuzoea kuamuliwa na mwanamke, lakini nani kati yao alikitaka kiti chenye fisi mlangoni? Wakakubali.

Bi Siwatu akaamua kesi, akaongeza walinzi, akajaza mitungi yote maji. Wale wale wazee wakaanza kuja asubuhi kabla hawajaitwa. Alipobaki na mtoto peke yake alilia kidogo, akajifuta, akaendelea.

Siku ya nane akaja Mbweha, mjumbe wa Fisi.

"Hodi."

"Karibu, Mbweha. Utakunywa uji?"

"Nitakunywa, bibi, ila nimebeba maneno machungu. Bwana Majoro anasema umpe Mcha akae kwake. Ukimpa mtoto, atakurudishia mume."

Bi Siwatu akauona mtego. Alijua kwamba amshikaye mrithi ameushika mji hadi wajukuu. Alijua pia kwamba akikataa wazi wazi, Makungu ataliwa. Akamimina uji polepole, apate nafasi ya kufikiri.

"Nani amekwambia namtaka mume?" akasema.

Mbweha akapaliwa.

"Makungu anakoroma kama jiwe la kusagia," aliendelea Bi Siwatu. "Mgeni mmoja akipita, humpa chakula chetu cha wiki nzima. Sasa ghala limejaa, na kiti hiki nimekizoea. Mwambie bwana wako nina ombi moja tu. Tafadhali, asimrudishe. Makungu akirudi atadai kiti, nami sitoki. Nusu ya mji itamfuata yeye, nusu itanifuata mimi, na hapo hata lango halitakuwa na wa kulilinda."

"Niyaseme yote hayo?"

"Usipunguze hata neno."

Mbweha alipoondoka, mzee mmoja aliketi chini kwa uchungu. "Bibi, umemuua jumbe wetu."

"Subiri, mzee wangu," alisema Bi Siwatu. Lakini usiku ule pia hakupata usingizi.

Kule pangoni Mbweha alisema yote, na Makungu akiwa papo hapo, amefungwa kamba. Fisi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe bibi amelewa ukubwa! Mfungueni huyu. Tumpeleke kwao wakagombane. Wakishapasuka vipande viwili, tutaingia tule vyote viwili."

Makungu hakucheka. Kila neno lilimwingia kama mwiba.

Kesho yake mchana fisi wakamsindikiza wenyewe hadi langoni, wakamsukuma ndani, kisha wakajibanza nyuma ya mawe kusubiri vita.

Makungu alimkuta mkewe barazani, juu ya kiti. "Nimesikia yote," alisema. "Ya ghala, na ya kukoroma."

"Fungeni lango," Bi Siwatu aliwaambia walinzi. Likafungwa, kwaa. Ndipo akashuka kitini, akamshika mumewe mikono yote miwili. "Kukoroma, unakoroma. Nami siku hizi tisa za kimya sikupata hata lepe la usingizi. Ningemwambia Majoro nakupenda, asingekuachia mpaka nimpe mwanetu. Ilibidi aamini kwamba kukurudisha ni kunikomoa."

"Ungenidokeza basi," alisema Makungu.

"Kwa kumtuma nani? Mbweha?"

Makungu akaanza kucheka, akacheka hadi machozi, huku Mcha akimpanda mgongoni.

"Sasa kaa kitini pako," alisema Bi Siwatu.

Makungu alikitazama kiti, akawatazama wazee waliokuwa wakisubiri neno la mkewe. "Sogea tukae wote," akasema. Wazee walitikisa vichwa, wakatabasamu.

Nje, nyuma ya mawe, Fisi alimgusa Mbweha bega. "Wameanza?"

"Nasikia kelele, bwana."

"Za ugomvi?"

Mbweha akatega sikio. "Hapana, bwana. Ni vigelegele."

Mimi niliwaacha wakisherehekea. Nanyi shikeni hili: usiyemweza kwa nguvu, mfanye aone faida katika kile unachokitaka wewe.