Sange na Kuyu Lisilofika Chini

Nikisema "Naja," semeni "Njoo na wenzio."
Naja.
Njoo na wenzio.
Naja na mmoja mdogo na mmoja mkubwa.
Waingie, wakae.

Basi wakaingia, wakakaa. Yule mdogo alikuwa Sange. Mwili wa panya, miguu ya kurukia, na pua ndefu inayochezacheza mbele yake kama inatafuta kitu ilichodondosha. Yule mkubwa alikuwa Nyani, dume lenye kifua kipana, ambalo kundi lake lililifukuza kwa sababu ya ulafi.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kirefu. Bonde zima lilikauka, ukabaki mkuyu mmoja kando ya kijito, umejaa makuyu mekundu toka shinani hadi kileleni. Nyani akaja, akaketi chini yake, akasema ni wake. Akija Kanga, Nyani anamwonyesha meno. Akija Digidigi, Nyani anamwonyesha meno. Akija Sange, Nyani hajisumbui hata kuonyesha meno. Anampuliza tu, fuuu, na Sange anabingirika hadi kwenye majani makavu.

Siku ya nne Digidigi alimjia Sange. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dada Sange, mwanangu hasimami tena. Nikimwinua, miguu inakunjika."

 Sange alilala kwenye majani, njaa imemfanya mwepesi, akaona kama bonde lote linaelea na yeye anaelea nalo. Alikuwa na tabia moja tangu utotoni: akiwaza, huchora. Akachovya ncha ya pua kwenye masizi ya kichaka kilichoungua, akachora kuyu kwenye jani. Akachora jingine kwenye jani la pili, na jingine kwenye la tatu. Pua ilitetemeka kwa njaa, kwa hiyo kila kuyu lilikaa pembeni kidogo ya lile la kwanza.

Ukaja upepo. Ukayafunua yale majani moja baada ya jingine, frrr, na Sange akaliona kuyu linacheza.

Akakaa kitako. Akayapanga tena, akayafunua kwa pua. Frrr. Kuyu likacheza. Alipolitazama jani moja peke yake, kuyu lilitulia tuli. Alipoyapitisha mbele ya macho kwa haraka, lilikuwa hai. Moyo wa Sange ukapiga polepole sana, kama wa mtu aliyeingia ndotoni na hataki kuamshwa. Kisha akamkumbuka mtoto wa Digidigi, akajua la kufanya.

Akachora kwanza jani la mwanzo: kuyu juu tawini, na chini yake nyani ameachama. Akachora jani la mwisho: kuyu limo mdomoni, mashavu yamevimba. Hili akalificha pembeni. Kisha akaanza kuyajaza ya katikati, kuyu likishuka kidogo, na kidogo, na kidogo. Akachora, akapuliza, akakausha. Akayabana yote kwa mwiba mmoja kwenye vikonyo, yasitelezeteleze, maana jani likihama, picha nayo huruka.

Akamwambia Kanga na Digidigi, "Mkiona mikono ya Nyani yote miwili ina kazi, Kanga panda utikise, Digidigi okota. Msiogope kelele."

Kisha akamwendea Nyani.

"Shikamoo, mjomba."

"Nani mjomba wako?"

"Nimekuletea kuyu lisiloisha. Mimi mwenyewe siwezi kulifungua, sina vidole. Linataka mtu mwenye dole gumba."

Nyani alilitazama dole gumba lake kwa mara ya kwanza kwa heshima. Akalipokea fungu la majani.

"Shika chini kwa mkono wa kushoto," Sange akasema. "Yapinde kidogo. Sasa yaachie kwa dole gumba la kulia, mojamoja, ila usisimame."

Frrr. Kuyu likaanguka toka tawini. Nyani akaachama. Majani yakaisha kuyu likiwa hewani.

"Halijafika," akasema Nyani.

"Rudia, mjomba."

Frrr. Halijafika. Frrr. Halijafika. Juu yao Kanga alikwisha kutua tawini, anatikisa. Po, likaanguka kuyu nyuma ya shina. Po. Po. Nyani akainua sikio.

"Nini hicho?"

"Ni la kwenye majani, mjomba. Likitazamwa vizuri, hutoa sauti."

Nyani akainamia majani. Frrr. Po. Akatabasamu. "Kweli linatoa sauti. Lakini linakwenda mbio. Silioni vizuri."

"Linakwenda mbio kwa kuwa majani ni machache. Ukitaka liende polepole, tunaongeza ya katikati."

"Ongeza."

Sange akachora, akapuliza, akakausha. Akapachika majani sita. Nyani muda wote alilishika fungu kwa mikono miwili lisivurugike. Akafunua. Sasa kuyu lilishuka taratibu, kama unyoya. Po. Po. Po. Digidigi alikuwa nyuma ya shina, anamtafunia mwanawe.

"Bado limekaa kama jiwe," Nyani akalalamika. "Kuyu lililoiva huwa laini."

Sange akamtazama. Lafi lile lilikuwa na jicho la mchoraji.

"Umesema kweli, mjomba. Likishuka kwa kasi, tulirefushe kidogo. Likigonga tawi, tulibonyeze, liwe bapa kama kitumbua. Kisha lijirudie."

Akachora, akapuliza, akakausha. Nyani akafunua, na kuyu likagonga tawi, likabonyea, likadunda, likaendelea kushuka. Nyani akatoa sauti ambayo Sange hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto anayebembelezwa.

"Na tawi," akanong'ona. "Kabla halijaliachia kuyu, lingeinama kwanza, kidogo tu. Tujue kwamba linakuja."

Tawi likainamishwa. Majani yakaongezwa. Jua likasogea toka upande mmoja wa kijito hadi wa pili, na vivuli vikajinyoosha, na wote wawili wakawa wameinamia jambo lile lile, pua moja nyeusi kwa masizi na dole gumba moja lililochubuka. Mara mbili Sange alisahau kabisa kwamba ilikuwa hila. Kila walipoongeza majani, kuyu lilishuka polepole zaidi, na kila liliposhuka polepole zaidi, Nyani alitaka jani jingine la katikati.

Mara sauti ya po ikakoma. Sange akatazama juu. Mkuyu ulikuwa mtupu. Mtoto wa Digidigi alikuwa amesimama kwenye majani, miguu minne yote inamtii.

"Tulimalize sasa, mjomba," Sange akasema. Akayachomoa majani ya katikati, karibu yote, akapachika mwishoni lile alilolificha.

Nyani akafunua. Frr. Kuyu likaanguka puu, likaingia mdomoni, mashavu yakavimba. Nyani mwenyewe akafumba mdomo. Akatafuna. Akameza. Kisha akainua macho, akaliona tawi moja tupu, na la pili, na yote.

Manyoya ya shingo yakamsimama. "Nani amekula makuyu yangu?"

Sange alikuwa karibu sana na yale meno. Hakukimbia.

"Wewe, mjomba. Si umeliona likiingia?"

Nyani akaweka mkono tumboni. Akafikiri.

"Nimeliona," akasema. "Mbona tumbo halina habari?"

"Tumbo liko mbali na macho. Lipe muda."

Nyani akafikiri tena. Halafu akalikusanya fungu lake la majani, akaondoka nalo kufuata kijito, taratibu, frrr, anajikwaa kwenye mizizi, frrr, anainuka bila kuacha kutazama, mpaka nyasi zikamficha. Sange akabaki amesimama. Digidigi alimsogezea kuyu walilomwekea. Alilila akitazama kule alikopotelea yule mlafi, akiwaza kama huyo mlafi atapata mwenyewe wazo la kumfanya nyani aliyechorwa kwenye majani apepese macho.

Ngano yangu imechoka kutembea, nimeilaza hapa. Atakayepita asiikanyage.

Na funzo lake ni hili, wanangu, lishikeni: acheni kuchorachora. Kuchora hakujawahi kumlisha mtu.