Shamba la Rihpald na Masikio ya Majirani

Tarehe kumi na moja Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martino, kulikucha na ukungu mzito, na umande uliganda juu ya nyasi kama chumvi. Watu huru wa bonde letu walikusanyika barazani mbele ya kanisa. Rihpald alifika na mkewe, Perhta, kutetea shamba lao la shayiri.

Shamba hilo alipewa na Bwana Kerhoh kwa kumfuata vitani. Siku ya kukabidhiwa, Perhta alimsihi mumewe mpaka koo likamkauka.

“Baba watoto, wavute majirani masikio ili wakumbuke na wawe mashahidi, kama babu zetu walivyofanya. Shahidi asiyevutwa sikio hasikilizwi barazani.”

“Nimvute mzee Otker sikio mbele ya bwana mkubwa? Kerhoh ataona namshuku. Neno lake ni mwamba.”

“Mwamba gani? Juzi kamkana mbwa wake mwenyewe, alipomng’ata mtawa.”

“Mwanamke, unaishinda kengele ya kanisa.”

Perhta alimkumbusha wakati wa kupanda, akamkumbusha wakati wa kuvuna, na kila Jumapili baada ya misa. Ilikuwa kutwanga maji kinuni.

Sasa, siku hiyo ya baraza, Kerhoh alisimama kulidai shamba, akasema kwa sauti tamu, “Nilimwazima tu.”

“Rihpald,” hakimu aliuliza, “nani alivutwa sikio?”

Rihpald aliwatazama majirani. Majirani walitazama viatu vyao.

“Mzee Otker, si ulikuwepo?”

“Nilikuwepo, mwanangu. Lakini sikio langu halikuguswa. Nitasemaje?”

Shamba likaenda kwa Kerhoh. Na kwetu, asiye na shamba hana kauli barazani. Rihpald aliingia pale mtu huru, akabaki mkono mtupu, na majira ya baridi mlangoni.

“Utaendelea kulilima,” Kerhoh alisema, “ukikubali kuwa mtu wangu.”

Rihpald alimgeukia mkewe.

“Usiniangalie mimi,” Perhta alisema. “Nimeongea nawe mpaka nimezeeka. Sasa naongea na Mungu. Yeye husikia.”

Kerhoh hakuwa mzembe. Aliwaita Otker na wenzake, akawavuta masikio mmoja mmoja mpaka yakawa mekundu. Ndipo Rihpald alipopiga magoti, akaweka mikono yake ndani ya mikono ya bwana, akatamka mbele ya wote:

“Mimi Rihpald naahidi, mimi na wanangu, kumtumikia Bwana Kerhoh na kumlimia shamba lake mpaka kufa.”

“Hilo nitalikumbuka,” Otker alinong’ona, akilisugua sikio lake.

Hakika, sikio la kufa halisikii dawa.