Mikono Minne Juu ya Fundi Firmin

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huona makuu, yaani anayepuuza maonyo ya waliomtangulia hukutana na mambo mazito. Hawakusema mambo hayo yana sura gani. Yaliyomfika Mayasa yalikuwa na vidole kumi.

Mayasa, binti wa Tanga, alijifunza ukandaji wa Kithai miaka miwili kwa Bi Biubwa, huko Bellevue, Johannesburg, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba kama mkate wa watoto wengi. Bi Biubwa naye alifunzwa na Bi Somjit, Mthai aliyefariki zamani, ambaye picha yake ilitundikwa ukutani, macho yakilielekea godoro. Sasa Bi Biubwa alikuwa anarejea Unguja moja kwa moja, na ufunguo wa chumba ungekuwa wa Mayasa iwapo angemkanda mteja mmoja peke yake bila kosa.

"Mwanangu, kwanza kutanisha viganja uwataje walimu, toka Jivaka, tabibu wa kale, hadi Bi Somjit. Hatuwaabudu, twawakumbuka. Kisha anzia miguuni, hata akikwambia kichwa ndicho kimuumacho."

"Nimekuelewa, bibi."

Bi Biubwa akatoka kwenda spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua sukari. Punde akaingia Firmin, fundi cherehani Mkongo, bega limekakamaa kama ubao. Akavaa suruali pana ya kukandiwa, akalala kifudifudi.

"Mama, fanya mbio kidogo. Batu bananingoja. Ni bega tu."

Mayasa aliitupia jicho ile picha, akajisemea kuwa maiti hana haraka, mteja anayo. Akaacha salamu, akairuka miguu, akalivamia bega.

Chumba kikapoa ghafla. Harufu ya mchaichai, ambao siku hiyo haukuchemshwa, ikatanda. Firmin akaguna kwa raha.

"Eish, Mama, muko bingwa. Ule wa miguu ana vidole vya baridi, lakini kazi anajua."

"Wa miguu nani?"

"Mwenzako."

"Niko peke yangu, kaka."

Firmin akainua kichwa godoroni. "Basi hii mikono ine ni ya nani?"

Mayasa akageuza macho polepole. Nyayo za Firmin zilikuwa zikibonyea zenyewe, kishimo baada ya kishimo, toka kisiginoni hadi vidoleni, kama unga ukandwao. Kisha zikatulia. Kitu baridi kikavishika viganja vya Mayasa, kikavibandua begani, kikavivuta taratibu kuelekea miguuni, kama mwalimu wa chuoni anavyomshika mtoto mkono kumwandikisha alifu.

Firmin hakungoja somo liishe. Bi Biubwa alipishana naye kwenye robot, taa za barabarani, akikata barabara na suruali ya watu.

Alipoingia, Bi Biubwa aliitazama picha kwanza. Kioo chake kilikuwa na ukungu wa pumzi, kwa ndani.

"Uliwasalimu?"

Mayasa akainamisha kichwa.

"Basi wamekuja kujitambulisha wenyewe." Akaufunga tena ufunguo kwenye pindo la kanga. "Unguja itaningoja. Mwaka mmoja mwingine, mwanangu. Miguu tu."

Bega la Firmin lilipona. Vidole gumba vya Mayasa havijapata joto hadi leo, na wateja wakimuuliza sababu, hujibu bila kuinua macho kutoka kwenye nyayo zao: asiyesikia la mkuu huona makuu.